Nusu ya Mwanga Ule Ilikuwa Harufu

Habari ya kifo cha Anaclet niliipata darasani, chaki ikiwa mkononi, kutoka kwa mtu ambaye hakujua kwamba ananiumiza. Ulikuwa ujumbe wa simu kwa sisi sote tuliosoma kemia pamoja, umeandikwa haraka haraka: ndugu yetu ametutoka huko Ulaya, atazikwa hukohuko, kilio kiko nyumbani kwa dada yake, commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Nikamaliza kuandika mlinganyo ubaoni, maana wanafunzi wangu wakishaona mwalimu amekwama katikati ya mlinganyo hawarudi tena kazini siku hiyo. Jioni nikafunga kitambaa kichwani, nikapanda pikipiki hadi Kenya. Kilio bila maiti ni jambo gumu. Watu wanakaa chini ya turubai, wanaimba, wanakula, na hawajui waelekeze macho wapi. Akina mama walikuwa wameketi mikekani kwa utaratibu wao, dada za marehemu upande huu, wake wa ndugu zake upande ule, majirani nyuma karibu na masufuria. Mama mmoja mkubwa aliniona nimesimama kama mwiko uliokosa chungu, akaniuliza kwa upole, "Mama, weye uko nani kwa marehemu?" Ni swali la haki, kwa sababu ndivyo wanavyojua wapi pa kukuweka. Nimejibu maswali ya wakaguzi miaka na miaka, lakini hilo lilinishinda. Nikasema, "Tulisoma pamoja." Basi wakanipeleka kwa majirani, nikapewa ungo wa mchele nichambue mawe.

Nikiwa pale pale kwenye mchele akaja msichana, amevaa nyeusi, viatu vyake vimeshika vumbi letu jekundu. Alikuwa binti yake, Noëlla, amekuja na ndege kukaa kilio cha baba yake miongoni mwa shangazi asiowajua. Walikuwa wamemwambia kwamba mama yule anayechambua mchele alisoma na baba yake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha kuokoteza mezani kwa baba, nacho alikisema na sauti ya Anaclet ndani yake, nikalazimika kuinama juu ya ungo. "Mama," akaniuliza, "papa alikuwa namna gani, wakati alikuwa kijana?" Nikafikiri. Nikasema, "Alikuwa ananuka." Akacheka, kicheko cha kwanza cha siku ile nadhani, na shangazi mmoja akatugeukia kwa jicho kali. Sikumweleza zaidi, mahali hapakuwa pake. Ila tangu jioni hiyo mwaka ule umenijia wote na hauniachi nilale mchana, na mimi nikikosa usingizi wa mchana sifai kwa mtu yeyote. Acha niuandike.

Sikuwa ninatania. Mwaka wetu wa mwisho wa chuo kikuu, mimi na Anaclet tulinuka kuliko watu wote wa Lubumbashi. Tulifanya kazi katika chumba cha mwisho cha ukumbi wa kemia, chenye meza ndefu ya vigae vilivyopasuka na bomba lililotoa maji lilipojisikia. Kabati la kuvutia mvuke lilikuwa limekufa tangu kabla ya sisi kuanza shule, na ndani yake watu walitunza mifagio. Katika kazi yetu kulikuwa na kimiminika kinachoitwa piridini, angavu kama maji ya kunywa, na harufu yake ni ya samaki aliyesahauliwa juani akapakwa sukari. Matone machache yalitosha. Harufu iliingia kwenye nywele, ikaingia kwenye mshono wa sketi, ikaingia mpaka kwenye mkate. Nilijaribu sabuni ya bluu, nikajaribu ndimu, nikajaribu kupita karibu na chetezo kanisani. La kuvunda halina ubani. Kwenye misa ya Jumapili tulipoketi, benchi lilianza kupumua, huyu anasogea, yule anakumbuka kwamba shangazi yake yuko upande wa pili, na mpaka kufika injili tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, na benchi zima la mbao. Anaclet alinong'ona, "Tuko na plasi ya kulala." Alikuwa mrefu, mwembamba, mtoto wa wafanyabiashara wa Kasai, na alikuwa na namna ya kusema mambo ya kipuuzi huku uso wake ukisikiliza mahubiri.

Nilipanga chumba kwa Mama Régine, mjane wa Kenya, katika nyumba ndogo iliyo nyuma ya nyumba yake. Kitanda, ndoo mbili, msumari wa kutundikia nguo, na ukuta ambao ulikuwa wa matofali kwa macho tu, kwa sababu kwa masikio ulikuwa pazia. Mama Régine alinipenda, lakini hakutaka nile ndani. Kila jioni alinitolea chakula uani, na Anaclet akija akatolewa naye: bukari moto, ugali wetu, iliyofunikwa kwa sahani, mboga ya lengalenga, siku nzuri dagaa wa kapenta waliokaangwa na pilipili. Tulikula kwenye bakuli moja, kwa vidole ambavyo hata baada ya kunawa vilinuka, na sikumbuki chakula kitamu zaidi ya kile. Siku moja, nikiwa nimelala kidogo mchana, nilimsikia jirani yake wa kikundi cha maombi akimwonya upande wa pili wa ukuta.

"Mama Régine, ule mutoto yako iko nanuka samaki. Na siyo samaki ya kupika. Ni samaki ya mu mayi."

"Njo masomo yake."

"Masomo gani inanukaka vile? Mambamuntu njo inanukaka vile."

Alimaanisha yule mwanamke nusu samaki ambaye picha yake ilitundikwa katika sebule nyingi za mji wetu, anayempa mtu mali kwa siri na kumdai roho baadaye. Nikabana pumzi. Nikasikia kijiko cha Mama Régine kikizunguka ndani ya kikombe.

"Mambamuntu inaletaka mali," akasema. "Uyu anakulaka lengalenga juma muzima. Mali iko wapi?"

"Pengine iko njiani."

"Basi ikuye mbio, juu nyumba yangu inavuya."

Nilimsimulia Anaclet, na tangu siku hiyo akiniona nimechelewa kufika aliniuliza kama mali imekuja. Nikimjibu, "Bado iko njiani," alitingisha kichwa kwa masikitiko ya mzee wa ukoo. Watu wazima wenye akili zao, wanafunzi wa licence wanaokaribia shahada, tunacheka mpaka tunashika meza.

Sasa niseme tulikuwa tunatafuta nini, maana harufu peke yake haimpi mtu shahada. Siku zile mahali pengine duniani watu walikuwa wanatafuta metali za kutengenezea mwanga, siyo mwanga wa moto bali ule mwanga baridi unaotoka kwenye kitu chenyewe, wa kutumia katika taa na vioo vya simu. Walizozipata zilikuwa metali adimu, za kuchimbuliwa kwa shida na kuuzwa kwa gramu. Anaclet akapata fotokopi ya makala, kurasa zimekatika pembeni, inasema kwamba hata shaba inaweza. Shaba! Alikuja nayo mbio akaiweka mbele yangu, nikaisoma nimesimama. Unachukua shaba, unaishikanisha na iodini, unapata unga mweupe usio na jambo. Ukiumulika kwa taa ya zambarau, haujibu. Lakini ukiupa piridini, chembe zinajipanga upya, shaba nne zinashikana mikono na iodini nne, piridini inazizunguka kwa nje, na chini ya taa ile ile unga unawaka njano. Si hivyo tu. Ukiusugua ule unga mweupe kwenye karatasi na kuipitisha juu ya chupa ya piridini, karatasi inanusa. Panapofika mvuke panaanza kung'aa, hata kama ni mvuke kidogo ambao pua haijaushtukia. Kwa hiyo nusu ya mwanga ule ilikuwa shaba, na nusu ilikuwa harufu yetu. Nilipomweleza hivyo Mama Régine, alisema ni bora tungetafuta nusu nyingine.

Kosa letu lilikuwa kosa la watu wa Katanga, sidhani kama mtu wa mahali pengine angelifanya. Profesa wetu alikuwa na chupa ya chumvi ya shaba iliyotoka ng'ambo, safi, ina kibandiko. Anaclet akaikataa. "Shaba iko chini ya miguu yetu," aliniambia. "Tutalomba shaba ya mu chupa kwa bazungu, na njo apa banaitoshaka?" Na mimi, ambaye kwa kawaida huwa mgumu kushawishika, nilivimba kichwa mara moja. Tukaenda upande wa Kinsevere, kwenye machimbo, kwa rafiki yake aliyefanya kazi huko, tukarudi na mfuko wa mawe ya kijani, mazuri hata ukayaonea huruma kuyaponda. Tukayaponda. Tukayayeyusha kwa asidi, tukayachuja, tukatengeneza unga wetu, tukaupa piridini, tukazima taa, tukawasha ile taa ndogo ya zambarau ambayo wabadilisha fedha hukagulia noti. Giza. Tukarudia. Giza. Mvua ilianza, ikakolea, mahindi yakapandwa katika kila uwanja wa mji, uyoga ukaja sokoni ukaisha, nasi tulikuwa bado tunakaa gizani kila alasiri na unga wenye rangi ya chai ambao haukujua kwamba tunaungoja.

Profesa alituacha tuhangaike, nadhani kwa makusudi, alikuwa mtu wa kuamini kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri akiwa amechoka. Mwishowe akaja, akainusa chupa, akaangalia ule unga. "Bana," akatuita kama watoto wake, "shaba ya kwetu haitembeake yenyewe moja. Iko na bandugu. Kobalti, chuma. Na ile bandugu njo inazimisha taa." Akatuwekea ile chupa ya kibandiko mezani, akatoka. Tukaijaribu, tufanyeje. Unga ukawaka njano mara ya kwanza, bila taabu. Nilifurahi. Anaclet hakufurahi. Alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti, akitazama mwanga wa shaba ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako, tulikuwa tumeibeba wenyewe kobalti yetu mfukoni kutoka Kinsevere. "Iyi siyo yetu," alisema. Ndipo nilipojua kwamba ninampenda. Nasema waziwazi kwa sababu nimefika umri wa kusema waziwazi. Sikumpenda kwa urefu wake wala kwa utani wake. Nilimpenda pale, akiwa amenuna kwa ajili ya jiwe.

Kilichotuokoa ni kitu ambacho kila mtoto wa mji wetu amekisikia mezani kabla ya kujua kusoma. Viwandani, baba za watu walisafisha shaba kwa umeme. Unatumbukiza metali katika asidi, unapitisha umeme, na shaba inahama polepole kutoka bamba moja kwenda jingine, inaacha ndugu zake nyuma. Tulikuwa na ndoo ya plastiki na betri ya gari ya dada yake, tukamimina humo asidi iliyoyeyusha mawe yetu, tukafanya kiwanda. Siku kadhaa tukailea ile ndoo kwa zamu, mmoja akienda darasani mwingine anabaki. Ikatoka shaba ya waridi, laini, inayong'aa kama shavu la mtoto aliyeogeshwa. Tukaianzisha kazi upya toka mwanzo. Ilikuwa mwisho wa mvua, mchana, tumeziba dirisha kwa blanketi la Mama Régine, na nilipodondosha piridini Anaclet alishika taa kwa mikono yote miwili. Unga ukawaka. Njano ile ile, pengine kali zaidi, sijui, wakati ule ningeapa kwamba ni kali zaidi. Hakupiga kelele. Alisogeza uso wake karibu, na njano ikamwangaza kidevu. "Béa," akasema, "njo iyi. Njo ya kwetu." Tulikaa gizani pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, bega kwa bega, na hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuvumilia kukaa karibu nasi isipokuwa sisi wenyewe.

Wanafunzi wangu wa leo wana mwanga mfukoni, wanaufungua na kuufunga kwa kidole, na nikiwaambia kwamba shaba inaweza kuwaka wananiangalia kwa adabu. Sina unga wa kuwaonyesha. Chupa ya mwisho niliitunza miaka mingi kabatini, lakini kizibo chake kilikuwa kibovu, na unga ule ukiuacha wazi piridini inatoroka kidogo kidogo, na mwanga nao unaondoka. Siku nilipoimulika ikabaki nyeupe tu, nilikaa chini jikoni. Nilichotamani zaidi, mtu anaweza kunicheka, ni harufu. Nimewahi kusimama sokoni mbele ya meza ya samaki waliochoka, muuzaji ananieleza kwamba ni wa leo, na mimi navuta pumzi tu wala sisikii bei.

Baada ya Pasaka Profesa alituita ofisini. Alikuwa ameandika kwa rafiki yake wa Ulaya juu ya ile shaba ya ndoo, na rafiki amejibu. Maabara yake ilikuwa na nafasi ya mwanafunzi mmoja. Jina lililopendekezwa lilikuwa la Anaclet, na mimi sikuwa na ugomvi, wazo la mawe lilikuwa lake, na mimi nilikuwa nimekwisha kuahidiwa kazi ya kufundisha, kazi ambayo niliitaka na ninaipenda hadi leo. Lakini kulikuwa na sharti. Unga ule una tabia moja ya ajabu: ukipozwa kwa baridi kali kupita kiasi, njano yake inaondoka na inakuja bluu. Ukiwa mchafu hauifanyi. Rafiki alitaka kujua kabla ya mwisho wa kiangazi kama unga wa Lubumbashi unageuka bluu. Ukigeuka, Anaclet aende. Usipogeuka, nafasi ina mtu mwingine. Tulitoka ofisini, na ukumbini Anaclet alianza kuhesabu baridi za mji wetu: friji ya kantini, friji za wauza samaki, asubuhi za mwezi wa sita, hata akataja chumba cha maiti cha hospitali. Hakuna iliyotosha. Ilitakiwa naitrojeni, hewa iliyogeuzwa maji kwa baridi, na chuo chetu hakikuwa nayo. Mimi ndiye niliyejua iko wapi. Ningeweza kukaa kimya. Sikukaa, na sijui hata kama niliwaza kukaa, mdomo wangu ulikuwa umekwisha kusema: "Mujomba wangu iko nayo. Anapozeshaka nayo mbegu ya bang'ombe."

Mjomba Fidèle alikuwa daktari wa mifugo kwenye shamba moja upande wa Lukafu. Mwenye shamba alitaka ng'ombe bora, na mbegu za madume wa mbali zililetwa kutoka ng'ambo ya mpaka ndani ya mtungi wa naitrojeni. Tulipanda lori lililokuwa linakwenda huko tupu kuchukua mahindi, tukaketi nyuma juu ya magunia yaliyokunjwa, unga wetu ndani ya mrija wa kioo uliofungwa kwa moto, nikiwa nimeuvisha soksi ya sufi. Kiangazi kilikuwa kimekomaa, nyasi zimechomwa pande zote mbili, vumbi linatufuata. Kwa muda mrefu tulizungumza upuuzi. Halafu Anaclet akasema, akiangalia barabara iliyokuwa inabaki nyuma yetu:

"Béa, kama inakatala kugeuka, mi nabaki."

"Utabaki kufanya nini?"

"Kufundisha, sawa weye. Na kama nabaki, bakubwa ba kwetu batakuya kwenu kukulomba. Nilisha kumwambia mama."

Nilishika ubao wa lori. Sikuwa nimeposwa, kwa hesabu yoyote ile, lakini sikuwahi kusikia jambo linalokaribia zaidi. "Na kama inageuka?" nikauliza.

"Kama inageuka naenda. Banasema myaka tano, pengine sita, pengine inapita. Siwezi kukufunga kamba apa, halafu mi niko kule naikamata tu. Haiko haki."

Leo najua maneno ambayo ningemjibu. Nimekuwa nikiyatunga kwa miaka mingi, mengine mazuri sana. Siku ile nilikuwa na hasira. Mtu mzima ameamua kuupa unga kazi ya kuchagua maisha yake na yangu. Lakini nilimwelewa vilevile. Alikuwa ametamani kwenda tangu siku ya ile fotokopi, na alikuwa ananitamani mimi, na aliona aibu kukata moja kati ya hayo mawili kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwambia afunge shati, vumbi linamwingia kifuani. Akafunga.

Mjomba alitupokea vizuri, akatupa bukari na nyama ya mbuzi, akanusa mara moja, akanusa mara ya pili, akaniuliza kama kwetu maji yamekatika. Ilipofika habari ya mtungi akawa mtu mwingine. Ulikuwa katika ghala la pumba, umefunikwa kwa gunia kama mgonjwa, pipa la alumini lenye shingo nyembamba ya kupitisha ngumi. "Ile mayi ya ndani ikiisha, mwaka muzima ya bang'ombe imeisha," alisema. "Basi mutu moja, jicho moja, mara moja. Na ni Béa. Mukono ya mutoto ya dada yangu naiyua. Ya uyu bwana siyue." Anaclet alitaka kubisha, akaangalia uso wa mjomba. "Haina mambo, papa," alisema. Alinipa taa. Vidole vyake havikuiachia mara moja, wala vyangu havikuivuta.

Mjomba akafunga mlango wa ghala, akainua kizibo. Mvuke mweupe ukamwagika nje ya shingo na kushuka mpaka miguuni petu. Nikaushusha mrija kwa uzi, nikainamisha jicho langu na taa pamoja kwenye lile tundu. Kwanza niliona njano, njano yetu ya kila siku, imekaa chini pale kama yai ndani ya kiota. Halafu ikaanza kufifia. Ikapauka, ikapungua, ikabaki kivuli, na nikajiambia imezimika, haigeuki, imezimika kabisa, na ninasema kweli mbele ya Mungu, furaha ilinijaa mpaka kooni. Niliwaona wakubwa wa kwao wakiingia uani kwa Mama Régine. Niliona meza na watoto. Kisha kutoka katika lile giza, bila haraka, ikaja rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona ikitoka kwenye kitu chochote kilichotengenezwa na mikono yetu. Ikakolea. Ikatulia.

"Béa," Anaclet akaniita nyuma yangu. "Iko namna gani?"

Hakuna mwingine aliyeona. Mjomba alikuwa ameshika kizibo, anahesabu hasara yake. Neno moja lingetosha, tena neno jepesi, wala Anaclet hangelipinga, maana asingekuwa na la kupingia. Nilibaki nimeinama, pua imekufa ganzi kwa baridi, nikiangalia rangi ile iliyokuwa yangu peke yangu.

"Bleu," nikasema.

"Uko hakika?"

"Bleu inakamata kidogo violet. Sawa maua ya jakaranda."

Mjomba akasema inatosha. Nilipouvuta mrija nje ulikuwa umevaa barafu nyeupe, taa haikuonyesha kitu, na nilipoupangusa kwa sketi yangu ulikuwa umekwisha kurudi njano. Anaclet akautazama kiganjani mwangu, njano tupu, kama ulivyotoka Lubumbashi. Hakuomba kuangalia mwenyewe. Hakumbembeleza mjomba. Neno langu lilimtosha, na alilipeleka kwa Profesa, na Profesa akalipeleka Ulaya.

Tulisimama nje barabarani kungoja lori lipakiwe mahindi. Jua lilikuwa kali na mkono wangu wa kulia ulikuwa bado baridi. Anaclet akauliza bila kunitazama, "Béa, weye ulipenda uone rangi gani?"

"Ya manjano," nikamwambia.

Alichukua ule mkono baridi, mbele ya mjomba wangu, mbele ya wachunga ng'ombe na madereva, akaushika mpaka dereva alipotuita mara ya pili.